Mchango wa Duka la Sidiria

Mimi ninauza sidiria. Nalitaja neno hilo bila kuzungusha kwa sababu nimewasikia watu wa Kisii wakilizungusha kwa miaka kumi na minne: "yule mama wa nguo za ndani," "yule wa vitu vya akina mama," "yule wa pale chini ya ghorofa, penye... pale." Mume wangu mwenyewe, wazee wa kanisa wakimwuliza mkewe anafanya kazi gani, husema niko kwenye biashara ya nguo, kisha anauliza mvua imenyesha vipi kwao. Sijali. Sidiria zimesomesha watoto wetu watatu na kuezeka nyumba bati jipya, na bati halijawahi kuuliza pesa zilitoka wapi.

Ukiwapima wanawake vifua kwa miaka hiyo yote, jicho linapata akili yake. Mwanamke akishuka kwenye pikipiki mbele ya duka, kabla hajamlipa mwendeshaji nimeshajua namba yake, na nimeshajua kama aliyoivaa inambana ubavuni. Sijisifu. Fundi wa viatu naye hukutazama miguu kabla ya uso. Ndivyo nilivyomtazama mama mkwe wangu Sabato moja baada ya ibada, tumeketi nyumbani kwake Mosocho tukila, nikajua kuna jambo.

Alikuwa amevaa sweta na jua linawaka. Chini ya sweta ile, kamba ya kushoto ya sidiria alikuwa ameilegeza hadi mwisho, ya kulia iko mahali pake. Mjukuu mdogo alimpokea kwa mkono mmoja. Sufuria ya chai ilikuwa kushoto kwake, lakini alijigeuza mwili mzima ili aisogeze kwa mkono wa kulia. Huyu ni mwanamke aliyebeba vikapu vya majani chai tangu alipoolewa. Hawezi kushindwa na sufuria bila sababu. Nikaacha kula. Mume wangu akaniuliza kama mboga zina chumvi nyingi.

Mtu wa mbali atasema: si ungemwuliza tu? Ndiyo, ningemwuliza kama ningekuwa nimeolewa mbali. Kwetu Wagusii kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni haya, lakini haya yenye sheria. Baba haingii chumba cha mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana hataji mambo ya mwili mbele ya wakwe zake, wala wao mbele yake, na kuwagusa ndiyo kabisa. Baba mkwe wangu, kwa mfano, hajawahi kukanyaga dukani kwangu. Akija mjini hupita ng'ambo ya barabara, kofia ameishusha usoni, kwa sababu ya vile vilivyotundikwa dirishani. Simlaumu. Ni mtu wa heshima na ananiheshimu mimi kwa kupita ng'ambo.

Ila sheria ile ina mlango mmoja. Bibi na mjukuu hutaniana watakavyo na kuulizana chochote. Basi nilimtuma binti yangu mkubwa, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Nilimwambia amuulize bibi yake, kwa utani au kwa ukweli, kifua kina nini. Akaenda, akarudi jioni anacheka.

"Bibi amesema nimwambie aliyenituma kwamba macho yake yaendelee kuuza sidiria."

Mama mkwe wangu si mjinga.

Nikamgeukia mume wangu. Alisikiliza nusu ya sentensi ya kwanza, akainua mkono kama anayesimamisha gari. "Hayo ni ya mama yangu. Mimi siwezi kuyasikia."

"Mficha maradhi kifo humfichua," nikamwambia.

"Hiyo methali ni ya pwani," akasema, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wetu hakuwa na shida yoyote. Nilikasirika nikavunja sahani, na nasema wazi kwamba sikuivunja kwa bahati mbaya.

Nilikuwa katika hali hiyo mwenyekiti alipoingia dukani. Ninamwita mwenyekiti kwa sababu ndivyo kila mtu anavyomwita: mwanamke mrefu wa kutoka Manga, mkulima wa chai, aliyeondolewa titi la kulia miaka sita kabla ya siku hiyo. Anaongoza kikundi cha wanawake waliougua saratani ya matiti. Hukutana mjini mara moja kwa mwezi, katika chumba cha nyuma cha kanisa moja, kufarijiana na kuchangiana nauli za kwenda Eldoret kwa matibabu. Alikuwa amekuja kuniomba sidiria zenye kasoro, zile zisizouzika, ili wakazishone upya.

"Mzishone vipi?" nikamwuliza.

Bila kutazama kama kuna mteja, akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa kifuko cha kitambaa cha pamba kilichoshonwa mviringo, akakiweka juu ya kaunta. Kilitulia pale kwa uzito wake.

"Wimbi," akasema. "Tulijaribu mchele, ukawa mwepesi. Mahindi yanachoma. Wimbi ni laini, tena linalala kama lenyewe."

Nikakipima mkononi. Alikuwa amekisia vizuri sana. Mimi mwenyewe nisingefanya zaidi ya pale. Kisha akanihadithia. Ijumaa moja alitoka kupeleka majani kituo cha kununulia, mvua ya Manga ikamkuta katikati ya mteremko, ikamlowesha hadi mifupa. Alipofika nyumbani alikivua kile kifuko, akakiweka ndani ya mfuko wa plastiki, akakisahau chini ya kitanda. Sabato ikapita, akavaa kingine. Jumatatu anafungua mfuko, wimbi limeota. Limetoa vimizizi vyeupe kupitia kwenye kitambaa, na harufu yake ni ile ile ya nyumba ya mpika pombe.

"Muadventista mimi," akasema, "shemasi wa kanisa, nimetengeneza kimea cha pombe kifuani mwangu."

Tulicheka hadi mteja aliyekuwa nyuma ya pazia la kupimia akachomoza kichwa kuuliza kuna nini. Nilipomaliza kufuta machozi nilikuwa nimeshapata shauri zima kichwani, kama mtu aliyepewa karatasi asome.

Ningependa kusema nilifanya yale kwa wema. Watu wa mji walisema hivyo, na kikundi kilinipa cheti ambacho mume wangu amekitundika sebuleni. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtaka mtu mmoja. Sheria ilinizuia mimi kumwambia mama mkwe wangu maneno yale. Haikusema chochote kuhusu mwenyekiti kuyaambia watu mia mbili, mama mkwe wangu akiwa miongoni mwao. Kama ningeita mchango mkubwa, akaja, akasikia mwanamke wa rika lake akisema nilikatwa na niko hai, na hatua kumi kutoka pale awepo muuguzi nyuma ya pazia langu anayewapima wanawake bure, basi yaliyobaki miguu yake ingeyafanya yenyewe. Nilimweleza mwenyekiti yote. Akasema, "Sawa. Mimi nitaongea naye mbele ya watu wote, na hatajua ni yeye."

Mwezi mzima tulifanya kazi. Niliandika kwa mkono bango kubwa, nikalibandika dirishani: kila sidiria utakayonunua hapa, sehemu ya bei inakwenda kwa wanawake wa saratani ya matiti. Tulitaka kuagiza Nairobi matiti ya bandia yale ya kweli, ya kuoshwa na kuvaliwa kwenye mvua, na sidiria zenye mfuko wa kuyashikilia, na kujaza mfuko wa nauli. Wanawake waliitikia. Walikuja wanawake wa Kiogoro waliokuwa wakinunua mitumba siku zote, wakasema leo tunanunua mpya kwa sababu ya bango lile. Alikuja mtawa mmoja, akanunua sita, akataka risiti.

Wafanyabiashara wenzangu niliwaendea mwenyewe, duka kwa duka. Mwenye duka la vyuma na simenti alitoa pesa, akageukia ukuta. Muuza nyama, mwanamume mwenye mdomo, aliwatazama wateja wake kwanza ili ahakikishe wanasikia, akasema yeye atachangia upande mmoja tu.

"Na mama yako alikunyonyesha upande gani?" nikamwuliza.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Alitoa pesa, tena akaahidi kuja kwenye mnada tuliopanga kufanya siku ya mchango, na alikuja. Hao ndio watu wetu. Ukimjibu mtu vizuri mbele ya wenzake, anakuwa rafiki yako.

Siku yenyewe tuliiweka Jumapili alasiri, Wakatoliki wametoka misa na Waadventista tumeshapumzika Sabato yetu. Nyuma ya duka kuna uwanja wa kuegesha magari. Mwenye jumba aliutoa bure. Tulikodi hema, viti na kipaza sauti. Mama mkwe wangu nilimwalika kwa njia ambayo asingeweza kuikataa: nilimtumia ujumbe kwamba tunaomba mkungu wa ndizi wa kuuza kwenye mnada, na kwamba ndizi za shamba lake ndizo zinazojulikana. Hilo la ndizi ni kweli. Baba mkwe sikumwalika. Ilikuwa wazi kwangu kwamba mzee anayepita ng'ambo ya barabara hatakuja kukaa chini ya hema la sidiria.

Saa nane na nusu hivi nilikuwa nimesimama kwenye lango nikipokea wageni. Nikamwona anakuja. Koti lake la kijivu la Sabato, kofia, viatu vimepigwa rangi, na begani mkungu wa ndizi. Mke wake alikuwa nyuma yake, mikono mitupu. Watu waligeuka kutazama. Mzee wa kanisa, mwenye umri ule, kubeba ndizi mjini kutoka stendi hadi kwangu, na mwanamke anamfuata bila hata mkoba! Kama ningekuwa na akili siku hiyo ningeelewa pale pale nilichokuwa nikionyeshwa. Lakini nilikuwa mwenye shughuli, na mwenye shughuli ni kipofu. Nilichoona mimi ni balaa: mzee amekuja. Atasikia yote, mimi nikiwa mbele yake.

Nilimsalimu nimeinamisha macho. Walikaa safu ya pili. Nikakimbia kwa mwenyekiti kumnong'oneza kwamba baba mkwe wangu yuko, apunguze ukali.

"Nimesikia," akasema. Alikuwa ameshashika kipaza sauti.

Alianza vizuri, kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni. Alieleza kikundi ni nini na pesa zitafanya nini. Alisema aliuona uvimbe wake akaunyamazia miezi minane kwa aibu, na miezi ile minane ndiyo iliyompotezea titi. Alisema, "Yuko hapa mwanamke anayenisikia na mkono wake uko juu ya sweta yake sasa hivi." Sikuthubutu kutazama safu ya pili. Nikajiambia imefanya kazi, mchango wangu wote umefanya kazi.

Kisha watu wakaanza kumwitikia, naye akapata moto. Akahamia Kigusii. Neno lile ambalo halipiti kati ya mke wa mwana na baba mkwe akalitaja wazi, mara moja, mara mbili, mara tano. Akahadithia mvua ya Manga na kimea kifuani, na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, wazee kwa vijana. Muuza nyama alikuwa amejishika magoti. Na katikati ya kicheko kile mwenyekiti akaingiza mkono kwenye blauzi, akatoa kifuko, akanigeukia.

"Mwenye duka, shika uwaonyeshe."

Nikashika. Miaka kumi na minne watu wakininyooshea vitu vya namna hiyo, mkono ulikwenda wenyewe. Wala sikukishika kwa ncha ya vidole kama mtu mwenye haya. Nilikipima kiganjani, juu chini, juu chini, kama ninavyofanya kila siku ya Mungu. Nikainua macho, yakagongana na ya baba mkwe wangu.

Alisimama. Alivaa kofia yake taratibu, akapita kati ya viti akiwaomba watu radhi, akatoka langoni. Mama mkwe akanyanyuka akamfuata. Alipita karibu kabisa na mlango wa nyuma wa duka, pale muuguzi alipokuwa nyuma ya pazia, na hakugeuza kichwa.

Mnada ulikwenda ajabu. Mkungu wa ndizi ulinunuliwa na mwenye vyuma, akaurudisha uuzwe tena, muuza nyama akaununua, akaurudisha, na wa tatu ndiye aliyekwenda nao nyumbani. Muuguzi aliwapima wanawake hadi jua likashuka, na wawili aliwaandikia waende hospitali kesho yake. Pesa zilizidi tulizoomba. Watu walinishika mkono wakisema mchango umefana. Ulifana. Nilitaka kumrushia mtu kiti, na mtu huyo ni mimi.

Mume wangu aliniambia jioni ile, "Umesimama mbele ya baba, na mkononi..." Hakuweza kumaliza. Halafu akasema itabidi twende na wazee wawili tukaombe radhi, naye atanunua mbuzi. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Nilimjibu kwamba mbuzi nitamnunua mimi, wala siombi radhi kwa yaliyosemwa, naomba radhi kwa kusimama pale niliposimama. Halafu nililia, kwa sababu ya hasira zaidi kuliko majuto. Nilikuwa nimeukusanya mji mzima ili mwanamke mmoja apige hatua kumi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfukuza.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Nyumba yao na yetu huko Mosocho ziko karibu karibu, na bado hakuna mtoto aliyekuja kuomba hata moto.

Jumatano asubuhi nilikuwa nimefungua tu, natundika kamisi mpya, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Kile kikohozi nakijua. Ndicho anachokohoa langoni kwangu kabla hajaingia. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha duka langu. Hakuwa ng'ambo. Alikuwa amenipa mgongo, anatazama barabarani, mikono ameifungia nyuma.

Nilichukua kiti nikakisogeza karibu naye. Hakukaa. Nikapiga goti kidogo nikamsalimu kwa Kigusii, ingawa hanioni.

Akanijibu kwa Kiswahili.

Tangu niolewe, mzee yule hajawahi kunisemesha Kiswahili hata neno. Alikijua. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, na Kiswahili chake ni kile cha kazi, cha kuhesabiwa kwenye mstari na kuitwa na msimamizi. Aliongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Mimi nasema hii maneno na Kiswahili," akasema, "juu Kiswahili haina mkwe."

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

"Mama ako na ile kitu. Kwa titi. Upande ya kushoto. Tangu tulivuna mahindi." Akangoja lori lipite. "Alinikataza niseme. Mimi nikaona, huyu mtoto yangu anauza hizi nguo, yeye ataona. Nikangoja uone."

"Niliona, mzee."

"Najua uliona. Ulituma mtoto." Akakohoa. "Sasa Jumapili nikabeba ndizi, nikasema leo wataniuliza kwa nini mimi ndiyo nabeba. Hakuna mtu aliuliza."

Nilishika mlango. Nilijiona mpumbavu, halafu nikampenda mzee yule kwa namna ambayo sina ruhusa ya kuionyesha. Tulikuwa tumefanya kazi moja, yeye upande wake na mimi upande wangu, kila mmoja akimngoja mwenzake avunje sheria.

"Nitakuja kesho na gari mapema," nikasema. "Nitampeleka mwenyewe."

"Kesho ni mbali," akasema. "Ako hapo kwa duka ya dawa. Amekalia benchi."

Najua msomaji anataka kuambiwa kama alipona, na sipendi watu wanaoficha jambo kama hilo hadi mwisho ili wakuning'inize. Aliondolewa titi. Alitiwa dawa Eldoret, nywele zikaisha, zikarudi nyeupe zaidi, na sasa anachuma majani chai kwa mikono miwili na kuwagombeza wajukuu. Yeye ni mweka hazina wa kikundi, na hakuna shilingi inayompita. Mbuzi tulimpeleka, mzee akasema kosa hakulikumbuka, tukamla. Lakini hayo mengine yote yalikuwa ya madaktari na ya Mungu. Yangu mimi ni ya asubuhi ile.

Mzee alitoa kofia akaipunga kuelekea chini ya barabara. Mama mkwe wangu akaja, anatembea wima, gauni la kanisani, sweta imefungwa hadi shingoni. Alimpita mumewe mlangoni bila kumtazama, akaingia dukani kwangu kwa mara ya kwanza tangu nilifungue. Alitazama kuta zote nne. Alitazama dirisha.

"Mengi," akasema.

"Ni mengi, mama."

Akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia. Mimi nikarudi kwenye kamisi zangu. Nje nikasikia sauti ya mwanamke akiuliza kama nina kamisi nyeusi, na baba mkwe wangu, mgongo bado ukiwa kwetu, akamwambia kwa sauti ya mzee wa kanisa, "Ngoja hapo. Kuna mtu ndani anapimwa."

"Unasubiri nini?" mama mkwe akaniita. "Hii si ndiyo kazi yako?"

Nikaingia. Alikuwa ameshavua sweta na kufungua gauni hadi kiunoni. Ananitazama usoni, wala hakujifunika. Nimewaona wanawake wengi pale ndani, wembamba kwa wanene, mabibi harusi na wajane, na mikono yangu haijawahi kusita. Siku hiyo niliiacha nyuma ya mgongo. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumgusa hata bega.

Aliona. Akaushika mkono wangu wa kulia kwa mkono wake wa kulia, akauleta, akaubonyeza mahali penyewe, akaushikilia pale.

"Hapo," akasema.

Uvimbe ulikuwa mgumu, kama punje ya mahindi mabichi chini ya kitambaa. Kando yake moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, na mkono wake juu ya wangu ulikuwa baridi. Kumbe alikuwa ameogopa miezi yote ile, na akaogopa peke yake.

"Nimeuona, mama," nikasema.

Akaniachia mkono. Akafunga vifungo vyake, kimoja kimoja, hadi cha juu kabisa. Akavaa sweta, akanyoosha kola kwa vidole viwili.

"Basi funga duka," akasema.